Mwanangu, kichefuchefu kimekoma

Kaloleni, Kisumu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa usiku nimeusoma baada ya swala ya alfajiri. "Mama, leo siku ya tatu sijatapika. Hata harufu ya vitunguu hainikeri. Naogopa." Ningeweza kukupigia simu, lakini yapo ninayotaka uyasome polepole, na moja sijawahi kukwambia tangu uzaliwe.

Umesema uko wiki ya 13. Hesabu hiyo inaanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kwa hivyo mna wiki mbili hivi ambazo mimba ilikuwa haijatunga bado. Mwambie mume wako asijisumbue kuhesabu kwa vidole. Babako alikwama papo hapo, na kazi yake ilikuwa hesabu.

Sasa hilo la kutapika. Mwanzoni mimba huendeshwa na homoni zinazotoka kwenye ovari zako, vile vifuko vya mayai, huku kondo la nyuma likijijenga. Likishakomaa, kazi hulihamia lenyewe. Ile homoni inayopimwa kwenye mkojo ili mtu ajue ana mimba hupanda mbio, ikafika kileleni karibu na wiki ya 10, kisha ikateremka. Wanawake wengi hupata nafuu kati ya wiki ya 12 na 16. Wengine hutapika mpaka wiki ya 20, na wachache hubeba ndoo mpaka chumba cha kuzalia. Wewe umepata nafuu wakati wake. Kula.

Najua hilo halitakutuliza, kwa sababu mimi halikunituliza.

Kabla yako nilibeba mimba nyingine. Ilitoka wiki ya 11. Mwanangu, siku hiyo asubuhi nilikuwa nimetapika hadi nyongo! Kichefuchefu kilikuwa palepale, na mimba ilikuwa imekwisha. Majirani wakasema ni mtungi wa maji niliobeba kutoka bombani, nami nikawaamini miaka mingi. Baadaye sana daktari mmoja akanieleza kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema huwa na hitilafu ya vinasaba tangu yai na mbegu zilipokutana, na mtungi hauhusiki. Nililia pale pale kwenye kiti chake.

Halafu ukaja wewe. Kutapika kukakoma ghafla kama kwako. Nikakimbilia kliniki moja ya hapa mjini, nesi akaniwekea kile kipembe cha kusikilizia tumboni, akainama, akanyamaza, akasema, "Sisikii kitu," akaenda zake kunywa chai. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Siku mbili nilikulilia matanga, na wewe uko ndani unajigeuza tu. Laiti angeongeza neno moja, kwamba kipembe kile hakisikii kitu kabla ya wiki ya 18 au 20. Mimba changa inataka ile mashine ndogo ya kusikilizia, au picha ya ultrasound. Kwa hiyo wakikuwekea kipembe mwezi huu wasisikie, usianze matanga. Omba mashine, na kama hawana, uliza wapi wanapiga picha. Picha moja kabla ya wiki ya 24 unaihitaji hata hivyo, na hii ya mapema ndiyo inayokadiria tarehe vizuri zaidi.

Kuanzia sasa utaingia kwenye kipindi ambacho hakuna anayekisemea. Kichefuchefu kimeondoka, na mtoto hujamhisi bado akicheza. Yeye ana sentimita 7 hivi kutoka utosini hadi makalioni, urefu wa kidole changu cha kati. Vidole vyake vimeachana, anapiga mateke, ila ni mdogo mno wewe kumhisi. Mimba ya kwanza wengi huhisi kuanzia wiki ya 18 hadi 20, wengine baadaye kidogo, na huanza kama mapovu, utadhani ni gesi ya maharagwe. Kwa hiyo una wiki tano, sita, saba za ukimya. Kuharibika kwa mimba sasa kumepungua sana kuliko mwezi uliopita. Sitakudanganya kwamba hakupo.

Utasikia pia mambo madogo madogo. Tumbo la uzazi limeanza kuchungulia juu ya mfupa wa kinena, kwa hiyo safari za chooni usiku zitapungua kwa muda. Ukiinuka haraka au ukipiga chafya utachomwa upande mmoja wa kinena, kisha kunapita: ni kano zinavutika. Ute mweupe usio na harufu si ugonjwa. Lakini damu, maumivu ya tumbo yanayobana na kuachia kama hedhi, homa, mkojo unaounguza, au kutapika kunakorudi hata maji yasikae, usiniandikie mimi. Nenda hospitali, hata saa nane za usiku, na mume wako aandamane nawe.

Umekwenda kliniki mara moja tu, nimeliona hilo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mama aonwe angalau mara 8, na ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Wengi wakipata nafuu huona safari imekwisha, wakarudi tumbo limeshakuwa la miezi saba. Wewe rudi. Kile kijitabu cha mama na mtoto kitazame: kundi la damu limeandikwa? Wingi wa damu? Kaswende, virusi vya Ukimwi, mkojo, presha? Penye nafasi tupu, uliza. Na zile dawa za kuongeza damu, kama zilikuwa zinakutapisha ukazificha kabatini (nakujua), sasa huna kisingizio. Zimeze usiku, na chai ikae mbali nazo.

Jambo jingine: kwenu Nakuru kuna baridi, huku ziwani kuna mbu. Wanawake wa huku, kuanzia wiki ya 13, hupewa kliniki vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria, wanavimeza mbele ya nesi, na hurudia kila baada ya angalau mwezi mmoja. Huko kwenu hawavitoi kwa kawaida, kwa sababu malaria ni kidogo. Ukija kujifungulia kwangu, kama tulivyokubaliana, waambie kliniki mapema kwamba unahamia Kisumu. Usije ukanywa dawa kwa kusikia tu. Wapo ambao haiwafai, kwa mfano anayemeza Septrin, dawa ya kukinga maambukizi, kila siku. Neti yako nimeshaitundika.

Kuhusu kuwaambia watu, mila yetu ni kunyamaza mpaka tumbo lijiseme, kwa hofu ya jicho. Sikulazimishi uivunje. Ila mimi nilipopoteza ile ya kwanza sikuwa nimemwambia mtu, kwa hiyo hakuna aliyenipa pole isipokuwa wale wa mtungi. Mwambie hata mmoja. Shangazi yako ameshajua. Si mimi niliyemwambia, aliona uso wako kwenye simu ya video.

Nimempa dereva wa matatu ya saa mbili mfuko wako. Mna omena kavu kutoka soko la Kibuye, nimezichambua mwenyewe, uzikaange na nyanya. Mna unga wa wimbi, na osuga, yaani mnavu, zilizochemshwa, zitie kwenye friji leo leo. Odowa, yale mawe ya udongo ya kutafuna, ulizoniagiza sikutia. Najua zinanukia kama mvua ya kwanza, nami nilizitafuna, lakini yale mawe hunyang'anya damu madini ya chuma, na baadhi yamekutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kila ukizitamani, mwambie nesi, huenda damu yako ndiyo imepungua.

Mfuko ukifika nipigie.

Mamako