Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama, chama cha watumishi wa vyumba vya wagonjwa mahututi (ICU), Tabora

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina. Mimi nazungumzia jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu: mgonjwa mahututi ambaye moyo wake umeshuka hadi mapigo ishirini na kitu kwa dakika, na tegemeo lililobaki ni betri ya moyo ya dharura, yaani mashine inayoupigisha moyo kwa umeme.

Mvua za kwanza zilipoanza nilikuwa zamu ya usiku. Aliletwa mama mtu mzima, amezimia. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha kizuizi kamili: vyumba vya juu vya moyo vinapiga kivyake, vya chini kivyake. Tulimpa atropini, dawa ya kuharakisha moyo, miligramu 1, tukarudia hadi zikatimia 3, moyo haukuitika. Tukabandika pedi, moja kifuani na moja mgongoni, tukaitegesha mashine kwenye mapigo 70. Umeme ulipopanda, monita ilijaa mistari, kifua kikawa kinaruka, sote tukashusha pumzi. Muuguzi mmoja ndiye aliyepeleka vidole kinenani kutafuta mapigo. Alitulia kidogo, akasema, "Dokta, huku hakuna kitu."

Mistari ile ilikuwa ya mashine, si ya moyo. Tuliongeza nguvu ya umeme (miliampea) kidogo kidogo mpaka kila mstari ukafuatwa na wimbi pana, la moyo wenyewe, na muuguzi yule akaanza kuhesabu mapigo kwa sauti: moja, mbili, tatu.

Tangu usiku ule, mafunzo yetu yote yanaanzia kinenani. Shingoni hapaaminiki, kwa kuwa misuli inayorushwa na umeme hujifanya mapigo. Na wimbi la kipimo cha oksijeni kidoleni litazamwe pia.

Nasisitiza na maumivu. Paul Zoll alipoonyesha kule Boston mwaka 1952 kwamba umeme unaopita kwenye ngozi unaweza kuuendesha moyo, wagonjwa wake waliumia sana. Pedi za leo ni nafuu, lakini bado zinauma. Aliye macho aelezwe, apewe dawa ya maumivu na ya kumtuliza, hata kama tuna haraka.

Tumejifunza pia kutokimbilia umeme. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu, chumvi ya damu, imepanda anahitaji kalsiamu kwanza. Moyo wake unaweza kuukataa umeme hadi potasiamu ishughulikiwe. Na sisi wa mkoa wa tumbaku tusisahau sumu za kuulia wadudu. Mkulima aliyeletwa mate yanamtiririka, mboni zimesinyaa na moyo unakwenda polepole, ukomo wa miligramu 3 za atropini haumhusu. Dozi huongezwa mara mbili kila baada ya dakika chache mpaka majimaji ya kifuani yakauke.

Katika wodi moja tuliyotembelea, pedi pekee zilizokuwepo zilikuwa zimekauka gundi. Hakuna aliyekuwa amefungua kabati lile kwa muda mrefu. Iliniuma, kwa sababu mashine yenyewe ilikuwa nzima. Kwa hiyo kamati imeomba ukaguzi wa pedi, nyaya na betri za akiba uingie kwenye makabidhiano ya kila zamu.

Pedi zinatununulia muda hadi waya wa kuupigisha moyo upitishwe kwenye vena ya shingo au ya paja na kufika chumba cha chini cha moyo, upande wa kulia. Waya nao ni wa siku chache. Asiyepona anahitaji betri ya kudumu, kama zinavyowekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kutoka hapa kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Njia hiyo ndiyo inayonipa hofu kubwa. Waya ukisogea sentimita chache, moyo unarudi ulikokuwa. Kabla gari halijaondoka, andikeni urefu wa waya ulioingia na umeme wa chini kabisa ambao moyo unauitikia, wekeni betri mpya kwenye mashine, na pedi zibaki mwilini.

Mafunzo yajayo naomba kila hospitali imlete na muuguzi anayesindikiza wagonjwa kwenye ambulensi. Fomu ziko kwa katibu.