Barua ya wazi kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu, Kenya: kibali cha gome la muthiga kitaje vipimo

Mheshimiwa,

Kifungu cha 49 cha Sheria ya Misitu ya 2016 kinaruhusu vyama vya misitu vya jamii kukusanya dawa za mitishamba. Hakitenganishi jani na gome. Kwa muthiga, mti wa dawa (Warburgia ugandensis) ambao Wamaasai huuita osokonoi, hapo ndipo mti unapofia. Chakula kinachotoka majani kwenda mizizi hupita kwenye gome la ndani. Ukibambuliwa kuzunguka shina lote, mti utasimama na majani yake kwa muda, halafu ukauke.

Chai ya nyumbani haiui mti. Kipande kikavu cha gome cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha nusu lita ya maji: kipondwe kidogo, kichemshwe kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15, kichujwe, kinywewe kidogo kidogo kwa kikohozi na koo. Anayezidisha vipande akidhani anaongeza nguvu huishia kuungua koo na tumbo, kwa sababu gome hili ni kali kama pilipili. Wajawazito na watoto wadogo wasipewe. Homa nayo ipimwe malaria kwanza zahanati. Chai isimcheleweshe mgonjwa.

Kinachomaliza miti ni magunia ya sokoni. Basi kibali cha gome kiandikwe kwa vipimo: mti usiwe chini ya sentimita 30 za kipenyo kwenye usawa wa kifua; gome litolewe kwa ukanda wa wima usiozidi robo ya mzingo; robo ya upande wa pili ingoje jeraha la kwanza lifunge. Kitumike kisu kikali. Panga huchimba mpaka kwenye mbao na kukwangua ule utando wenye utelezi unaootesha gome jipya, kisha wadudu na kuvu huingia. Matawi yaliyopogolewa yabambuliwe kabla ya kugusa shina. Kuhusu kukausha, kivulini na kwa vipande vyembamba. Vinene huota ukungu kwa ndani na mzigo mzima hutupwa, kisha mwenye mzigo anarudi msituni kukata mwingine.

Majani tungependa yaruhusiwe kwa urahisi zaidi. Nayo yana ukali ule ule, na utafiti juu ya ndugu yake wa kusini mwa Afrika, Warburgia salutaris, umeonyesha kwamba majani yanaweza kushika nafasi ya gome. Wateja watanung'unika, maana wengi huamini dawa ni gome tu. Watazoea.

Jambo la mwisho ni mbegu. Mbegu za muthiga zikikauka hufa, hivyo hazifai kuwekwa ghalani; zapaswa kutolewa kwenye tunda lililoiva na kupandwa zikiwa mbichi. Kibali cha kuokota matunda kikichelewa, msimu umepita. Tunaomba wenye vitalu wapewe kibali hicho kabla matunda hayajaiva.

Wako,
Waganga wa mitishamba na wakuza miche