Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha walimu wa hisabati,

Mkutano mkuu uliopita ulitupa kazi moja: kuandaa masomo ambayo mwanafunzi atatumia hisabati kupima haki na dhuluma katika jamii. Masomo yameandikwa. Mengi, niseme ukweli, ni mahubiri yaliyopakwa asilimia, na lawama ya kwanza naibeba mimi.

Nianze na lililofaulu, somo la ramani. Ramani ya dunia ya mchoraji Mercator, ya mwaka 1569, ilichorwa kwa ajili ya mabaharia. Inalinda pembe ili nahodha asipotee, lakini inavimbisha nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia: kwenye latitudo ya nyuzi 60 kila urefu huwa mara 2, hivyo eneo huwa mara 4. Wanafunzi waliweka karatasi angavu ya miraba juu yake, wakahesabu miraba ya Greenland na ya Afrika, wakaona zinakaribiana. Kisha wakapewa maeneo halisi: Afrika kilomita za mraba milioni 30 hivi, Greenland milioni 2 na ushei. Binti mmoja aligawanya eneo la Afrika kwa la Greenland, akarudia mara tatu akidhani kikokotoo kinamchezea. Kila mara alipata 14 kasoro kidogo. “Kwa hiyo mchoraji alikuwa mwongo?” aliuliza. Swali hilo lilikula kipindi kizima, maana hakuwa mwongo. Kosa ni la waliochukua chombo cha baharini wakakitundika darasani kana kwamba kinaonyesha ukubwa wa nchi.

Sasa somo langu. Nilifundisha kuhusu Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako mwaka 1973 walioomba masomo ya uzamili na uzamivu walikubaliwa hivi: wanaume asilimia 44, wanawake asilimia 35. Kabla hata ya kufuta ubao nilishaandika neno UPENDELEO kwa herufi kubwa. Kijana wa nyuma akaomba takwimu za kila idara. Sikuwa nazo. Nilibaki nimeshika chaki.

Kesho yake nilizileta, nikiwa nimenywea. Katika idara moja kubwa wanawake walikubaliwa asilimia 82, wanaume 62, na katika nyingi ya nyingine tofauti ilikuwa ndogo. Wanawake wengi waliomba idara zinazokataa waombaji wengi, wa kike na wa kiume, ndiyo maana asilimia yao ya jumla ilishuka. Hapo haki haikuondoka mezani, ilihamia swali jingine: nani aliwaelekeza wasichana mbali na idara zenye nafasi nyingi, ambazo mara nyingi ndizo zilizodai hisabati zaidi? Swali hilo ni zito kuliko lile nililokuja nalo, na nisingelifikia kwa neno langu la ubaoni.

Wapo wenzetu wanaosema haya yote ni siasa, turudi kwenye silabasi. Nawaelewa, ila nawakumbusha Bob Moses. Aliandikisha wapiga kura Weusi huko Mississippi, Marekani, miaka ya 1960, na mwaka 1982 akaanzisha Algebra Project, mradi wa kufundisha aljebra, kwa hoja kwamba mtoto aliyefungiwa nje ya aljebra amefungiwa nje ya uchumi na uraia kamili. Hakupunguza aljebra ili apate nafasi ya kuzungumzia haki. Aliifundisha yenyewe.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu pendekezo: somo lolote lisiingie katika mkusanyo wetu kabla wanachama wawili hawajalikokotoa hadi mwisho, na mwandishi aoneshe ni takwimu zipi zingemfanya abadili mawazo. Masomo ya mwaka huu yote yarudi kwa waandishi, la kwangu likitangulia.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu zake. Mimi nasema tu kwamba ni aibu chama cha walimu wa hisabati kuwa na wanachama wasiojua wanadaiwa ada ya miaka mingapi.

Nafasi ya katibu iko wazi. Majina yapokelewe kabla ya kura ya pendekezo.

Mwenyekiti