Kaa wa kombe hawakuzwi kwa kijiko cha chumvi

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na picha ya kaa wa kombe, yule anayetembea na nyumba ya konokono mgongoni, na chini yake mistari sita ya maelezo. Mtie kwenye beseni, mpe makombo ya bukari (ugali), koroga kijiko cha chumvi ndani ya maji, na akitaga "utapata watoto wengi wa kugawia rafiki zako". Mjukuu wangu alinisomea hayo kwa sauti huku akinitazama kwa jicho la pembeni, maana anajua yaliyotupata. Mistari mitano ya kwanza naweza kuisamehe. Wa sita ndio umenikalisha mezani.

Mimi ni mstaafu, nakaa Katuba. Miaka 31 nilifanya kazi katika maabara ya madini hapa Lubumbashi, kazi ya kupima shaba: wananiletea mawe yaliyosagwa, nami nawaambia ndani yake mna shaba asilimia ngapi. Wanyama sikuwa na habari nao. Hata kuku pale nyumbani ni wa mke wangu.

Kaa waliletwa na mkwe wangu, dereva wa lori. Anapeleka shaba bandarini Dar es Salaam. Hupita mpakani Kasumbalesa, akaikata Zambia mpaka Tunduma, akateremka pwani, karibu kilomita 2,000 kwenda peke yake. Mwezi wa kumi mwaka jana alirudi na kopo la rangi lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. "Papa, nimeletea batoto kitu ya kuchezea." Walikuwa sita, mkubwa wao kama ngumi ya mtoto, wameokotwa usiku ufukweni upande wa Kigamboni. Tukawawekea mchanga, chombo cha maji matamu na chombo cha maji ya chumvi, kwa kuwa wanahitaji yote mawili. Ni kaa wa nchi kavu. Wanapumua kwa matamvua, lakini matamvua hayo yakishalowana inatosha. Ukimzamisha mkubwa muda mrefu anakufa maji kama wewe na mimi.

Hatukujua kwamba mmoja ni mama mjamzito. Nilimgundua aliponyanyuka kunywa: chini ya tumbo, lile tumbo laini ambalo huwa limefichwa ndani ya kombe, alibeba kichala cha mayai ya rangi ya tofali, kila yai dogo kuliko kichwa cha pini. Kila siku yalizidi kufifia mpaka yakawa ya kijivu. Asubuhi ya Jumapili moja mjukuu wangu wa miaka tisa akaja kuniamsha. "Nkambo, mayi inatembea!" Mayi kwetu ni maji, nikadhani bomba limepasuka. Kumbe usiku mama ameingia katika chombo cha chumvi akajikung'uta, mayai yakapasuka, na maji yote yalikuwa yanacheza kama vumbi kwenye mwali wa jua.

Nilitafuta lenzi yangu ya kazini. Kila punje ilikuwa na umbo la koma: kichwa chenye macho mawili meusi, makubwa kupita kiasi, na mkia uliopinda, mwili mzima kama kioo. Hana kombe, wala magando ya kuonekana. Ukioneshwa huyo na mama yake huwezi kuapa kwamba ni ukoo mmoja. Mazoea ni mazoea, nikavuta mililita 10 kwa sirinji nikahesabu: 11. Chombo kilikuwa cha lita mbili, kwa hiyo walikuwa kama 2,200. Nikajisifu. Nikamwambia mke wangu tutakuwa na kaa wa kuuza mpaka Likasi.

Sasa nieleze aibu yangu, kwani bila hiyo barua hii haina maana. Niliwahamishia kwenye bidoni la lita 20 lililokatwa juu, nikakoroga chumvi ya jikoni, nikaazima kwa jirani pampu ndogo ya hewa ya samaki. Mpira wa hewa ukawa unaelea, ulitaka uzito. Kabatini nina msalaba wa shaba wa babu yangu, ile misalaba ambayo wazee wetu walikuwa wakiyeyusha na kuitumia kama fedha kabla ya franka. Mzito, umetulia, mzuri. Nikaufungia ule mpira, nikauzamisha. Ilipofika saa kumi jioni hakuna koma hata moja iliyotembea. Wote walikuwa chini, weupe, kama unga wa muhogo uliotuama. Msalaba, pale povu lilipokuwa linaupiga, umeng'aa kama umesuguliwa na ndimu.

Mtu aliyepima shaba miaka 31 amezamisha shaba katika maji ya chumvi yenye viumbe vichanga. Mke wangu hakusema neno. Angesema, ingekuwa nafuu.

Na jambo lenyewe ni la ajabu. Damu ya kaa hubeba hewa kwa shaba, kama yetu inavyobeba kwa chuma. Bila shaba hana uhai. Lakini shaba ikiyeyuka ndani ya maji anayoogelea, kiasi ambacho mizani yangu ya kazini isingekiona, inamuua, na mtoto hufa kabla ya mkubwa. Sisi tunaishi mji gani? Jimbo hili lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Kuna mabomba ya shaba ukutani, koki za shaba nyeupe, waya za shaba, na vumbi la migodi juu ya mabati, ndiyo sababu hata maji ya mvua ya paa langu siyaamini. Mtoto akifuata mistari yenu sita katika mji huu, anaua, na hatajua kilichoua.

Halafu hicho kijiko. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, na chumvi hiyo ni mchanganyiko. Sodiamu na klorini ndizo nyingi, lakini katika kila lita kuna pia magnesi kama gramu 1.3, kalsi gramu 0.4, potasi karibu kiasi hicho hicho, na salfati. Kiluwiluwi wa kaa, yule mwenye umbo la koma, hujivua gamba mara kwa mara, na kila gamba jipya linadai kalsi na magnesi. Chumvi ya jikoni haina hayo, ina iodini ya kuwalinda watu na rovu. Kwa hiyo hata bila ule msalaba wangu wasingefika mbali. Nilimwomba mkwe wangu asilete kaa tena, alete bahari. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini alileta: bidoni nne za lita 20, zilizochotwa mbali na bandari. Pale mpakani alifungua kila moja, ikanuswa, afisa akaonja kwa kidole na kutema.

Mwezi wa nne mama yule yule akabeba mayai tena, kwa kuwa dume alikuwepo. Safari hii nilijiandaa. Bidoni niliweka ndani ya sanduku la mbao lenye taa, joto lisimame kwenye digrii 27. Hewa nikaipitisha chini, upande mmoja tu, ili maji yazunguke polepole, kwa sababu hawa wadogo wakilala chini wanajikunja pamoja na kukwama. Na povu likiwa kali linawavunja. Wakaanguliwa katikati ya mwezi wa tano. Sirinji ilisema 1,800.

Chakula ndicho kilichoninyima usingizi. Wanakula kiumbe hai kidogo kuliko wao. Wafugaji wa samaki hutumia artemia, vijidudu vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake hukaushwa na kutiwa makoponi. Kopo moja lilikuja na lori kutoka Dar. Mayai hayo ukiyaona utasema kahawa iliyosagwa. Unayatia katika chupa ya maji ya chumvi yenye joto na hewa, na baada ya saa 24 hadi 36 yameanguliwa. Hapo unazima hewa, unasubiri dakika kumi. Maganda yanapanda juu. Unawasha tochi chini ya chupa, na wale wazima wanaifuata nuru, wanajikusanya kwenye mwanga kama wingu la rangi ya chungwa. Unawavuta kwa mpira mwembamba, unawasuuza, unawapeleka mara moja. Ukichelewa wanamaliza kiini chao na hawana lishe tena. Kila siku chupa moja inaanguliwa na nyingine inatayarishwa. Mjukuu wangu alikuwa mwepesi wa tochi kuliko mimi. Ukichelewesha chakula, wanakulana. Nimeona kwa lenzi mmoja ameshikwa mkia na ndugu yake bado anaogelea.

Na umeme ni huu huu wetu. Mwezi wa sita usiku wa Lubumbashi unajua kuuma. Umeme ulipokuwa ukikatika nilizungushia sanduku chupa za maji ya moto na blanketi. Mbabula, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba nilikataa, mke wangu alipendekeza nikamwambia makaa yatatuua sisi kwanza. Hewa nilipata kwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori: niliujaza kwa pampu ya baiskeli, nikaunganisha mpira wa dripu ya hospitali wenye kile kigurudumu cha kubana. Ukilegeza kidogo unapata povu moja moja, na mpira mmoja ukaniendesha saa nne na nusu. Katika yote niliyofanya humo, hilo ndilo ninalojivunia.

Kila asubuhi nilitoa maji kidogo na wafu chini, nikarudisha mengine ya joto lile lile. Siku ya tatu nusu walikuwa wamekwenda. Siku ya kumi walibaki kama 400, siku ya ishirini hawakufika 90. Siku ya 34 nikaona kitu kipya: mdogo kama chembe ya mchele iliyovunjika, ana magando, anatambaa chini kama kamba mdogo. Ameacha umbo lake la koma. Hao wa hatua ile walifika 11. Sasa wanatafuta nyumba, humo humo majini. Mkwe wangu alikuwa amechekecha mchanga wa pwani kwa chujio la chai akapata makombe matupu madogo kama punje za mtama. Nilimtazama mmoja kwa lenzi karibu saa nzima: alilizungusha kombe, akaingiza gando ndani akipima, akalikimbia, akarudi, halafu kwa kufumba na kufumbua tumbo limeingia kinyumenyume. Waliopata kombe ni wanne. Waliopanda kutoka majini kwenda mchangani ni wawili. Aliye hai leo ni mmoja.

Mmoja katika 1,800, Bwana Mhariri, kwa miezi mitatu, watu wawili wasiolala, na bahari iliyokuja kwa lori. Najua wako watu nchi za mbali, wenye vyombo vya duara vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, ambao hufikisha wengi zaidi. Hata huko ni wachache. Kaa wa kombe wanaouzwa duniani karibu wote wameokotwa ufukweni. Wale niliowaona sokoni mwezi jana, makombe yamepakwa rangi nyekundu na samawati, hakuna aliyewazalisha. Na pamoja nao yamebebwa makombe yao, ambayo kule pwani kaa mwingine alikuwa anayasubiri, kwa kuwa yeye hawezi kujitengenezea, anarithi.

Ninachoomba ni masahihisho, mahali pale pale, kwa herufi za ukubwa ule ule. Waambieni watoto kwamba kaa huyu hazaliwi katika beseni. Waambieni madereva, na mkwe wangu ananisikia, kwamba kaa mwenye kichala cha tofali tumboni arudishwe mchangani palepale alipookotwa. Nani anayejua atafika Kasumbalesa foleni ikiwa ya siku ngapi?

Na kwa mzazi ambaye tayari ameamka na kukuta maji yanatembea: toa kila kitu cha shaba karibu na chombo, hata pete. Maji ya bomba yalale wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Usipige povu kali. Tafuta chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa matangi ya samaki, pima gramu 35 kwa lita kwa mizani, si kwa jicho. Ukiwa huna artemia siku ile ile, sitakudanganya: hawataishi.

Yule wetu ana wiki tano sasa nchi kavu. Ni mdogo kama mbegu ya nyanya, anakula unga wa dagaa, na wiki hii amejifukia mchangani ajivue gamba. Akitoka kombe lake litambana. Konokono wa bustani za hapa makombe yao ni mepesi mno, hawayataki. Msomaji mwenye makombe ya baharini ya ukubwa wa punje ya mahindi, yasiyopakwa rangi, ayaache kwenye meza yenu ya mapokezi. Nitayapitia Alhamisi nikija kununua gazeti.

Mpimaji shaba mstaafu,
Katuba, Lubumbashi