Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: kelele za treni ziwekewe kikomo mapema

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu. Tangu SGR, reli yetu ya kisasa, ianze kubeba abiria kwenda Morogoro, Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, sisi tunaoipanda tunaisifu kwa haki. Leo nawasemea wale inaowapita: watu wa Soga, Ngerengere, Kilosa, Gulwe, na kesho Tabora na Isaka.

Kwa mwendo wa sasa, kilomita 160 kwa saa, kelele kubwa ni ya gurudumu na reli. Hiyo mafundi wanaimudu: reli husuguliwa, gurudumu huchongwa upya. Ila treni ikifika kilomita 300 hivi, upepo huanza kulishinda gurudumu. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya sauti ya magurudumu hupanda takriban mara 8. Ya upepo takriban mara 64. Tena upepo hupiga kelele kwenye pua ya treni, kwenye maungio ya mabehewa na kwenye pantografu, ule mkono wa juu ya paa unaochukua umeme kwenye waya. Ukijenga ukuta kando ya reli utaziba sauti ya magurudumu, lakini mkono ule uko juu ya ukuta, na sauti yake itawafikia watu majumbani vilevile.

Wajapani walishtuka wamechelewa. Shinkansen, treni yao ya kasi, ilianza 1964. Mwaka 1974 wakazi wa Nagoya wakaenda mahakamani, na 1975 ndipo serikali ilipoweka kikomo cha desibeli 70 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye makazi. Namna wanavyopima naipenda mno: hupima treni 20 zinazofuatana, za kwenda na za kurudi, kisha huhesabu ile nusu yenye kelele zaidi. Kikomo kile kiliwabana wahandisi. Shinkansen ya aina ya 500, ya mwaka 1997, ilipewa pua ya mita 15, maana treni ikiingia handakini kwa kasi husukuma hewa mbele yake, na upande wa pili hutoka mshindo. Mhandisi Eiji Nakatsu, mpenzi wa ndege, alijifunza umbo la pua hiyo kwa mdomo wa mdiria, ndege anayezama majini kuvua samaki. Kwenye pantografu akajifunza kwa manyoya ya bundi, arukaye bila kelele.

Sisi mahandaki tunayo, na treni ya mchongoko tunayo. Reli hii itaishi kuliko sisi, na siku moja mwendo utapandishwa. Watu nao huifuata reli. Penye stesheni mji huota.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kelele zipimwe usiku na mchana kila reli inapopita makazi, na matokeo yabandikwe stesheni yasomwe na kila mtu. Ukae na NEMC, wasimamizi wa mazingira nchini, mpange kikomo cha treni peke yake, chenye ngazi za mwendo wa leo na wa baadaye. Na halmashauri zisigawe viwanja vya nyumba, shule wala zahanati pembeni kabisa ya uzio. Kipande cha Makutupora hadi Tabora kinafaa kuanza nacho, kwa kuwa huko bado kuna nafasi ya kupanga.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Morogoro