Salamu za Mwaka Kogwa, na habari ya Bibi Mary

Jamaa zangu wa Makunduchi, mlio nyumbani na mlio mbali, Mwaka Kogwa mwema, mwaka mpya wetu! Tumeshakoga. Wanaume wamechapana kwa migomba, wametoka uwanjani na alama zake mgongoni, vinyongo vya mwaka mzima wameviacha huko huko. Kibanda cha makuti kimeungua. Akina mama wamerudi na nyimbo zao, ambazo siziandiki hapa, mnazijua wenyewe.

Nilibaki nyuma nikitazama majivu yakipoa, nikamkumbuka Bibi Mary Leakey, yule mchimbuaji wa mabaki ya kale. Mtauliza kaingiaje. Kaingia kwa mlango wa jina.

Tarehe 17 Julai 1959, kipupwe kama hiki, mumewe Louis alikuwa hoi kwa homa kambini Olduvai, korongo la kaskazini mwa Tanzania bara. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa unachungulia mteremkoni, kisha magego makubwa ajabu. Akarudi na gari mbio kumwinua mgonjwa. Fuvu lile, la miaka kama milioni 1.75, Louis akaliita Zinjanthropus, mtu wa Zinj. Na Zinj ndiyo Zanji, jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu, lile lile lililomo ndani ya Zanzibar. Mfupa wa bara, jina la kwetu, na sisi hatukuokota hata jino! Wataalamu sasa wanasema Paranthropus boisei, lakini skuli tulikaririshwa Zinjanthropus na hakuna wa kututoa hapo.

Digrii ya kusomea Mary hakuwa nayo. Alianza kwa kuwachorea wengine zana za mawe, jicho likazoea kuona kile ambacho mwingine angekikanyaga akapita.

Lakini lililonishika leo ni majivu. Kule Laetoli, si mbali na Olduvai, volkano ilitema majivu, mvua ikanyunya, wakapita watu, au wahenga wa watu, majivu yakagandamana kama saruji, na mengine yakashuka juu yake. Mwaka 1978 Mary na wenzake wakaufunua msafara ule wa nyayo: kama mita 27, miaka milioni 3.6. Kisigino, upinde wa wayo, dole gumba, kama nyayo za mtu aliyetoka sasa hivi kuangalia dema, maji yametoka. Kisha wakazifukia tena, zisiharibike.

Yeye alifariki Nairobi tarehe 9 Disemba 1996, na miaka 83. Asili ya binadamu tusiibishanie leo, migomba imetosha.

Fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mungu akitupa uhai, mwakani nitawapandisha wajukuu boti wakamwone wajina wetu. Kwa sasa pilau iko tayari na nyumba yangu haijapata mgeni, nanyi mnajua siku kama ya leo hilo halifai. Piteni.