Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Haut-Katanga: skana peke yake haitoshi kwa kansere ndogo ya umio

Bwana Waziri, jambo sana. Miye ni mukaaji wa komini ya Katuba, sina diplome ya uganga, niko tu mutoto mwenye alisindikiza mama yake mukubwa kwa lopitali 3.

Alienda juu ya tumbo yenye kuwaka. Alikuwa angali anakula bukari yake na sombe bila shida, fibroskopi (tuyo yenye kamera yenye inapita kwa kinywa) ikipita ikaona kadoa kadogo kekundu kwa umio, biopsi, kale kapande benye bananyofoa kwa kupima, ikasema kansere. Tukalipa skana, majibu ikakuya: umio hauna kitu. Tuliimba mpaka inje kwa parkingi! Munganga akatunyamazisha, akageuza anvelope ya filme, akachora na biki mistari 5: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Njo vile ukuta wa umio unaonekana kwa ekoendoskopi, ni ekografi ndogo yenye iko kwa ncha ya tuyo. Skana, akasema, inaangalia kama ugonjwa ulifika kwa maini ao kwa mapafu, na hapo inasaidia kweli, lakini zile ngozi za ukuta haizitenganishe.

Na shida yote iko pale. Kansere ikiwa ingali kwa ngozi ya ndani kabisa, munganga anaweza kuibandua na fibroskopi, mugonjwa anarudi nyumbani bila kupasuliwa. Ikishuka kwa ngozi yenye inafuata, kwenye kuko mishipa mingi ya limfu, inaweza kuwa imekwisha kutembea mpaka kwa tezi, na mara mingi banaanza kuongea kutoa umio wenyewe. (Hata ekoendoskopi inakosea kwa kadoa kadogo sana, hakutuficha. Kipande chenye kubanduliwa, kikifika kwa mikroskopi, njo kinasema kweli ya mwisho.)

Kuko benye batakuambia ununue tepskana, ile skana yenye inatafuta kansere na dawa ya mionzi yenye banaingiza kwa mushipa. Pole pole kwanza. Dawa yake, fluor 18, nguvu yake inapunguka nusu kila dakika 110, sasa itatoka wapi, na milolongo ya malori kwa mupaka wa Kasumbalesa unaijua! Na zile ngozi nayo haizioni.

Tunaomba ekoendoskopi 1 ya lopitali ya serikali, banganga 2 batumwe kujifunza kuitumia, na bei iandikwe kwa ukuta.

Siye tuliuza pikipiki tukamupeleka Zambia. Anvelope ningali nayo, ukinipa randevu nitakuletea.